Chini ya Ukingo

2 Aprili

Idi imepita na masika yameingia kweli. Kutwa nzima mvua, cherehani imefanya kazi saa mbili tu kwa sababu umeme haukutulia.

Jioni Khatib kaja kuoga. Kwao Mwanakwerekwe bomba linatoa upepo tu, kwa hiyo akitoka chimboni Kibugani anateremka kwenye lori la Ubwa, mume wangu, na kupanda ngazi za Michenzani mpaka kwangu, ghorofa ya tatu, anadondosha mchanga kila kipandio. Nimemgombeza. Choo changu kinaziba kila wiki kwa ajili yake.

"Dada, huu mchanga watu wanaununua," akaniambia. "Mimi nakuletea bure na unanung'unika."

Ni mdogo wangu wa mwisho, tumbo moja, na hajawahi kunijibu jambo kwa uzito. Alikuwa fundi uashi. Kazi za ujenzi zilipompungukia, rafiki yake Mcha akamvuta Kibugani kuchimba. Mume wangu anaendesha lori la hapo hapo. Kwa hiyo mchanga wa Bwana Msabah unatulisha sote, na mimi sipaswi kuusema vibaya.

Tulipokuwa tunakula, Khatib alimweleza Ubwa kwamba ukingo wa upande wa mashariki wameshauchimba chini mpaka umekaa kama paa. Mchanga mzuri uko chini, juu ni udongo mwekundu usio na mnunuzi.

"Na mvua hii?" nikauliza.

"Mvua inaushikisha," akasema Khatib.

Ubwa aliendelea kula.

4 Aprili

Mvua. Nimekata vitambaa vya baibui, sijashona hata kimoja.

6 Aprili

Bwana Msabah amepita kutupa mkono wa Idi, ingawa Idi imeshapoa. Kaja na halua na boksi la tende. Hana makuu mtu huyu. Chimbo ni lake, malori matano ni yake, lakini anavua viatu mlangoni kwangu na kukaa juu ya mkeka. Mama alipofanyiwa upasuaji wa macho ni yeye aliyetuchukua kwa gari yake kwenda na kurudi. Mimi huyu mtu namuombea dua.

Leo alikuwa na kinyongo. Kuna kanuni mpya za usalama wa machimbo zinaandaliwa toka mwaka jana, na sasa kamati inakaribia kuita watu watoe maoni. Wanataka ukingo ukatwe ngazi ngazi, kazi isimame mvua ikizidi, na kila anayechimba ahesabiwe mwajiriwa wa mwenye kibali.

"Mwajiriwa!" akasema. "Mtu anakuja siku anayotaka, anaondoka anapotaka. Leo yupo, kesho yuko shamba kwa mkwewe. Vipi awe mwajiriwa wangu? Watatufungia machimbo hawa, na wa kwanza kulala njaa ni hao hao wanaowatetea."

Ubwa akasema ni kweli. Na mimi nikasema ni kweli. Nikamwongeza chai.

8 Aprili

Amne, mke wa Khatib, kanipigia simu kuniomba nimkanye mumewe asiende chimboni mvua hizi. Nikamwambia, wifi, mume ni wako, mkanye wewe. Tukacheka.

9 Aprili

Khatib amefariki. Ukingo umemwangukia.

13 Aprili

Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu.

Jumatano asubuhi mvua ilikuwa kubwa, kisha saa nne ikakatika na jua likatoka kali. Nilikuwa nashona. Simu ya Ubwa ilipokuja nilidhani anataka kujua mchana tunakula nini. Akasema, "Shemsa, vaa uje Kibugani." Nikamuuliza kuna nini. Akasema tena, "Vaa uje," na akakata.

Nilipofika, watu walikuwa wameshajaa juu ya chimbo. Upande wote wa mashariki ulikuwa chini. Ule udongo mwekundu usio na mnunuzi ulikuwa umemwagika mpaka katikati ya shimo, na juu yake kulikuwa na majani, na mgomba mmoja umesimama vile vile wima kama uliopandwa pale. Wanaume walikuwa wanachimba kwa mabeleshi, wengine kwa mikono. Kijiko cha Bwana Msabah, ile mashine ya kuchimbia, kilikuwa pembeni kimezimwa kwa sababu waliogopa kuwakata waliofukiwa.

Walimtoa Mcha kwanza. Alikuwa anapiga kelele, mguu wake umeelekea kusikotakiwa. Tukafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikasema kama Mcha yuko hai basi Khatib naye yuko hai, maana hao wawili hawaachani. Wakachimba tena. Khatib alikuwa nyuma ya Mcha, ndani zaidi, chini ya lile paa. Alipotolewa niliona mkono tu, kisha mtu akanigeuza uso.

Tulimzika siku ile ile baada ya Alasiri. Waliomuosha walichelewa kutoka. Mmoja alimwambia Ubwa, naye hakujua kama nasikia, kwamba kila walipodhani wamemaliza ulikuwa unatoka mchanga tena, masikioni, puani, mdomoni.

Matanga tumeweka Mwanakwerekwe, kwa Amne. Mchele, mafuta, ng'ombe, vyote kavileta Bwana Msabah. Alikaa na wanaume siku zote tatu. Siku ya mwisho akasema mbele ya watu kwamba ajali hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba marehemu alikuwa kama mwanawe. Watu wakaitikia amin. Na mimi kwa ndani nikaitikia.

Amne ameshaanza eda. Amekaa chumbani kajifunika, hasemi, anatazama ukuta. Mwanawe Tabia ana miaka mitano, anamuuliza kila anayeingia kama baba keshatoka kazini.

14 Aprili

Sikushona.

15 Aprili

Choo hakijaziba. Sina wa kumgombeza.

17 Aprili

Nimekwenda hospitali kumuona Mcha. Sikwenda kwa huruma. Nilitaka nimwambie usoni kwamba yeye ndiye aliyempeleka ndugu yangu kule. Mcha simpendi toka zamani. Ni mtu wa baraza, mdomo mrefu, kila kitu anakijua, na deni la kahawa hajalilipa hata mara moja.

Nilimkuta mguu umetundikwa, kakonda uso. Kabla sijasema kitu akaanza kulia. Nikakaa.

"Asubuhi ile tulikataa kuingia," akasema. "Tulikaa juu ya ukingo, mvua inanyesha, tumejifunika mifuko ya sementi. Mvua ilipokatika nyapara akaja. Akasema malori matatu yanasubiri, na mteja yuko hotelini kule pwani anataka mchanga leo. Asiyeingia kesho asije. Khatib akasema ukingo umelowa. Nyapara akamjibu, 'Bwana Msabah keshasema mwingie.' Tukaingia, dada Shemsa. Tungefanya nini?"

"Lakini mlikuwa mnachimba chini yake wenyewe," nikasema. "Nani aliwatuma mchimbe chini?"

"Tunalipwa kwa lori, hatulipwi kwa siku. Ukianza juu, utaondoa udongo wiki nzima hujapata hata beleshi moja la mchanga. Nani atakupa chakula wiki hiyo?" Akafuta uso kwa shuka. "Bwana Msabah alikuja jana hapa. Kaniletea machungwa. Kaniambia niseme chimbo lilikuwa limefungwa, sisi tuliingia kwa kujiiba."

Nikamwambia huo ni uongo wake yeye Mcha, Bwana Msabah hawezi kusema maneno hayo.

Kisha akasema, "Muulize mumeo. Lori la kwanza kwenye foleni lilikuwa lake."

18 Aprili

Ijumaa. Ubwa karudi msikitini, mvua ikapiga, tukakaa ndani madirisha yamefungwa. Nikamuuliza.

Kwanza alisema hakumbuki. Kisha akasema mimi sijui kazi za watu. Kisha akaanza kukunja na kukunjua kofia yake, na mimi nikaendelea kupekua punje za mchele kwenye ungo kwa sababu nilijua nikimtazama hatosema.

"Chimbo halikufungwa," akasema.

"Nnajua."

"Mimi nilikuwa nimeshapiga rivasi mpaka ukingoni, upande wa pili, nasubiri zamu. Niko juu, wao wako chini, nawaona. Nikaona majani ya juu ya ukingo yanatengana. Ufa. Kwanza mdogo, nikadhani ni kijia cha mbuzi. Kisha nikauona unafunguka."

Niliacha kupekua.

"Mkono wangu ulikuwa kwenye honi, Shemsa. Wallahi ulikuwa kwenye honi."

"Ukapiga?"

Akatikisa kichwa.

"Wiki ile kabla ya Idi, dereva mwenzangu Usi aliona mchanga unamwagika, akapiga honi. Watu wote wakakimbia wakatoka. Hakikuanguka kitu. Kazi ikalala mpaka Adhuhuri. Bwana Msabah hakumgombeza, hakusema neno. Kesho yake Usi alikuta lori lake kapewa mtu mwingine. Nilikaa nasema, ngoja nihakikishe. Ngoja nihakikishe kwanza. Nyapara alikuwa kasimama hapa, ubavuni mwa mlango wa lori." Akaonesha kwa mkono, kama nyapara yuko nasi pale chumbani. "Nilikuwa nahakikisha. Kisha ukaanguka."

Nikamuuliza ilikuwa muda gani, baina ya kuuona ufa na kuanguka. Akasema hajui. Nikamuuliza, ungetosha mtu kutoka? Akasema hajui. Nikamuuliza mara ya tatu. Akasema, "Mcha asingewahi. Alikuwa kapiga magoti. Khatib alikuwa kasimama."

Miaka kumi na moja nimekaa na mwanamume huyu. Hajawahi kuninyanyulia mkono, hajawahi kunificha alichopata. Alimpenda Khatib, hilo silipingi. Ndiyo maana sijui niuweke wapi uchungu huu. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Nimepika ule mchele. Tumekula.

19 Aprili

Hatusemezani.

20 Aprili

Hatusemezani. Mvua.

22 Aprili

Ofisi inayohusika na kazi imejibu kwa barua ombi tulilopeleka kwa niaba ya Amne. Hana fidia. Marehemu hakuwa na mkataba, na alikuwa akilipwa kwa mzigo, kwa hiyo kisheria hakuwa mfanyakazi wa Bwana Msabah. Alikuwa mtu aliyemuuzia Bwana Msabah mchanga. Mchanga wa Bwana Msabah mwenyewe, ndani ya shimo la Bwana Msabah, kwa beleshi la Bwana Msabah.

Nilimpelekea barua hiyo Sumaiya, mwanasheria kijana wa ile ofisi ya msaada wa sheria karibu na Kikwajuni. Namjua kwa sababu namshonea. Alisema, "Bi Shemsa, waliomjibu hawajakosea. Sheria iliyopo ndivyo inavyosema. Ndiyo maana tunataka kanuni mpya." Akanifungulia rasimu. Kifungu kimoja kinasema: yeyote anayechimba ndani ya chimbo lenye kibali, alipwe kwa siku, kwa mzigo au vyovyote, ni mwajiriwa wa mwenye kibali.

Nimekumbuka nilivyosema "ni kweli" nikiwa na birika mkononi.

"Kifungu hiki ndicho wenye machimbo wanachotaka kitolewe," akasema Sumaiya. "Kamati inasikiliza maoni tarehe ishirini na tisa. Wenye machimbo watakuja wengi. Upande wa pili sina mtu. Wachimbaji wanaogopa, na mjane yuko edani."

Nikamwambia mjane ana wifi.

25 Aprili

Bwana Msabah amekuja. Kavua viatu kama kawaida, kakaa mkekani kama kawaida. Sikumpa chai.

"Mwanangu Shemsa," akasema, "nimesikia unataka kusimama mbele ya watu. Uchungu unao, haki yako. Lakini mimi nimewahi kukutupa? Mama yako nilimtupa? Huyu mtoto wa marehemu mimi ntamsomesha, iwe kuna kanuni, isiwepo kanuni. Sasa ukinipeleka kwenye sheria, mimi na wewe tunakuwa watu wa sheria. Na sheria haina huruma ya mzee kwa mwanawe."

"Tunataka hiyo hiyo, Bwana Msabah," nikasema. "Tumechoka na huruma."

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Ubwa alikuwa kakaa pembeni, kainamisha kichwa. Bwana Msabah akatabasamu, akainuka, akamshika Ubwa bega.

"Mumeo atazungumza siku hiyo kwa niaba ya madereva," akaniambia. "Sikilizaneni nyumbani kwanza. Aibu kuvuana nguo mbele ya watu."

Baada ya kuondoka nikamuuliza Ubwa atazungumza nini. Akasema, "Yale niliyoambiwa." Nikamwambia asiende, ajifanye mgonjwa tu, mimi nitasema yangu na yeye sitamtaja. Akasema, "Na lori?"

27 Aprili

Nimemweleza Amne kuhusu honi. Nilifikiri atapiga ukelele. Alikuwa anamsuka Tabia, akaendelea kumsuka mpaka mwisho wa mstari.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Shemegi toka siku ya maziko hajanitazama." Kisha akasema, "Mume wako na mume wangu walikuwa wanamwogopa mtu mmoja."

Sijapenda alivyowaweka pamoja. Mmoja yuko kaburini.

29 Aprili

Nimerudi. Nataka niandike kabla sijaanza kujidanganya kuhusu nilichokisema.

Ukumbi ulijaa. Wenye machimbo walikaa mbele, kanzu zimepigwa pasi, wanapeana mikono na kila mtu. Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja wa makamo, mpole, anaandika kila kitu mwenyewe. Aliwasikiliza kwa zamu. Wote walikuwa na neno moja: kibarua si mwajiriwa. Walisema kisiwa kinajengwa, hoteli zinajengwa, skuli zinajengwa, na mchanga ukipanda bei atakayeumia ni maskini anayejenga kibanda chake.

Kisha akaitwa Ubwa Simai, dereva. Mume wangu alivaa shati nililomshonea Idi. Akasema, bila kunyanyua macho, kwamba tarehe tisa chimbo la Kibugani lilikuwa limefungwa kwa amri ya mwenye chimbo kwa sababu ya mvua, na wachimbaji waliingia wenyewe bila ruhusa. Akatoa na shukrani, akakaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma ubao kwa mbali.

Sumaiya akasimama akaomba mjane wa marehemu Khatib asemewe. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Mwenyewe yuko wapi? Hapa tunasikiliza waliofikwa." Sumaiya akamwambia mwenyewe yuko edani. Mwenyekiti akanionesha kiti.

Sikukaa. Nikasema:

"Mimi naitwa Shemsa. Aliyefariki ni mdogo wangu. Na aliyezungumza sasa hivi ni mume wangu."

Watu wakageuka. Nilimuona Ubwa akiziba uso kwa kiganja.

"Nina suali moja tu. Kama chimbo lilifungwa, lori lake lilikwenda kupakia nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, Sumaiya alinifundisha vifungu, vyote vikanitoka. Nikasema yale niliyoyajua. Nikasema mdogo wangu alisema ukingo umelowa, akaambiwa asiyeingia kesho asije. Nikasema barua imetuambia Khatib hakuwa mfanyakazi wa mtu. "Nyapara alimwamrisha kwa jina la nani? Kama mtu anaweza kukutuma mahali ukafa, na akikukataza kesho hurudi, huyo si tajiri wako ni nani wako?" Nikasema sisi familia tumekula mchele wa mwenye chimbo kwenye matanga, na ulikuwa mchele mzuri, na yeye ni mtu mwema kwetu miaka mingi. Nikasema wema wake haukuushikilia ukingo.

Honi sikuitaja. Ilinijia mdomoni nikairudisha. Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi.

Nilipokuwa naondoka mbele, mlango wa nyuma ukafunguka, na Mcha akaingia kwa magongo mawili. Alikuwa katoroka wodini. Suruali imekatwa upande mmoja, jasho linamtiririka. Akasema kwa sauti ile ile ya barazani inayonikera, "Mwenyekiti, nami nilikuwemo ndani ya hilo shimo lililofungwa." Watu wengine wakacheka, kisha wakaona mguu wake, wakaacha. Akazungumza mpaka alipoombwa amalize. Hakukosea hata neno moja.

Nilikuwa nimemkosea mtu huyu.

30 Aprili

Nimehama. Cherehani imebebwa na vijana wa jengo mpaka Mwanakwerekwe, kwa Amne. Ubwa alishika upande mmoja kuiteremsha ngazini. Chini akaniuliza, "Kwa nini hukuisema ile nyingine?" Nikamwambia aiseme mwenyewe.

5 Mei

Mvua tu. Bomba la huku kweli linatoa upepo. Tunakinga maji ya paa.

9 Mei

Bwana Msabah hakuleta ada ya skuli ya Tabia kama alivyoahidi. Amne hakushangaa. Mimi nilishangaa, na kushangaa kwangu kumenitia hasira.

15 Mei

Kanuni zimetiwa saini. Sumaiya kanipigia simu analia na kucheka. Kifungu kimebaki! Anayechimba ni mwajiriwa, alipwe vyovyote. Kuchimba chini ya ukingo marufuku. Ukingo ukatwe ngazi. Na kila chimbo liwe na msimamizi wa usalama mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na asifukuzwe kazi kwa kuisimamisha.

Nikamuuliza, "Na Amne?"

Akaacha kucheka, akanieleza. Kanuni zinaanza siku zilipotiwa saini. Hazirudi nyuma. Khatib amebaki muuza mchanga.

Nilipomwambia Amne, akauliza kama Mcha naye hapati. Nikasema hapati. Akasema, "Basi mmewapatia wenye kufa kesho." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Lakini nimekaa nayo siku nzima hiyo sentensi, na kitambaa cha mtu nimekikata vibaya.

18 Mei

Hitima ya arobaini. Ubwa alikuja, akakaa na wanaume uani, akaondoka kabla ya chakula.

20 Mei

Mcha kaja na magongo yake kunipa habari. Nilimpa kahawa.

"Unajua nani kafanywa msimamizi wa usalama Kibugani?" akaniuliza. Alikuwa anaogopa kusema. "Ubwa. Bwana Msabah kamteua. Kavalishwa kizibao cha njano na kofia ngumu, na firimbi shingoni."

Nilicheka mpaka Amne akatoka chumbani kuangalia. Kanuni ile niliyoisimamia mimi, niliyovunja nyumba yangu kwa ajili yake, imetengeneza kazi mpya, na kazi hiyo amelipwa nayo mume wangu kwa uongo wake.

"Bwana Msabah anajua alichokifanya," akasema Mcha. "Msimamizi ambaye hatopiga firimbi."

24 Mei

Leo nimekwenda Kibugani.

Asubuhi mvua ilikuwa ya masika hasa, na kama siku ile, saa nne ikakatika. Sikuweza kushona. Nilikuwa naliona lile jua na nikawa nasikia simu inalia, na haikulia. Nikajifunika baibui nikatoka. Amne hakuniuliza nnakwenda wapi.

Ukingo wa mashariki sasa umekatwa ngazi tatu, kama kanuni zinavyotaka. Lakini upande wa kusini bado haujakatwa, na huko ndiko watu walikokuwa wanachimba, chini kabisa, kama kumi hivi. Malori yalikuwa kwenye foleni. Gari ya Bwana Msabah ilikuwa imesimama karibu na kibanda, yeye yumo ndani, kioo kimeteremshwa. Ubwa alikuwa juu, kizibao kimelowa, anautazama ukingo wa kusini.

Hakuniona. Nilisimama nyuma ya malori. Nikamuona anatembea mpaka ukingoni, anachuchumaa, anashika majani. Akasimama. Akatazama gari ya Bwana Msabah. Bwana Msabah akatoa mkono dirishani na kuashiria: endelea, endelea, jua limetoka.

Niliusoma mgongo wake kama nilivyousoma miaka kumi na moja. Nilijua anasema nini moyoni. Ngoja nihakikishe.

Kisha akapiga firimbi.

Alipiga kwa nguvu, kwa pumzi moja ndefu, akapiga tena, akapunga mikono. Chini wakatupa mabeleshi wakakimbia, wakapanda njia ya malori, mmoja ameacha kiatu. Wote wakasimama juu wakihema, wakautazama ukingo. Na mimi niliutazama.

Haukuanguka.

Tukangoja. Madereva wakazima injini. Jua likawaka, mvuke ukawa unapanda kutoka kwenye mchanga, na ukingo ulibaki pale pale. Mmoja wa wachimbaji akasema kitu, wengine wakacheka, kisha wakaanza kuteremka tena. Ubwa akajiweka njiani, akawaambia kazi imesimama mpaka kesho na ukingo ukatwe kwanza. Hapo ndipo walipomgeukia. Mtu mzima mmoja alimuuliza kama yeye ndiye atakayewalisha watoto wake leo. Mwengine akamwita mwoga, akamwita mbwa wa serikali. Wakamsogelea mpaka kofia ikamwanguka. Bwana Msabah alipandisha kioo na kuondoka, tope likawarukia wote. Kumfukuza hawezi, kanuni inamkataza. Atamfanyia jengine, sina shaka nalo.

Ubwa alipogeuka kuokota kofia yake aliniona. Akaja mpaka nilipo.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Shemsa, basi turudi nyumbani."

Nilitaka kumwambia kafanya vizuri, na ni kweli kafanya vizuri, na neno hilo halikutoka.

"Kumbe ulikuwa unaweza," nikamwambia.

Nyuma yake wale wachimbaji waliendelea kumtukana, wazima wote.